Shahidi Wangu Barke

Jumamosi, 4 Machi 1967. Kismayu.

Baiskeli ya Khamis imeegemezwa tena ukutani kwa Mwanamwema! Asubuhi ya leo, mapema, kabla sijanawa uso. Ikakaa pale mpaka chai yangu ikapoa. Khamis anaendesha trekta bandarini, anavuta matela ya ndizi hadi melini, na tangu apewe trekta amenunua miwani ya jua. Anaivaa hata ndani ya nyumba. Mtu wa namna hiyo hanunui mkate wa mofa muda wote huo. Ana lake.

Mwanamwema ni jirani yetu. Mumewe alimwacha akahamia Mombasa, mtoto akiwa bado tumboni. Anaoka mofa, anauza, hamlalamikii mtu. Mimi nampenda tangu mwaka juzi. Sijamwambia. Nasubiri nijue kwanza atajibu nini, ndipo niulize. Ndiyo akili hiyo.

Tatizo ni habari. Nani wa kunieleza yanayosemwa ndani ya nyumba ile? Dada yangu Mwanapili, ambaye nakaa kwake, anasema hapelelezi majirani. Nimekaa nikafikiri huku natia kalafati kwenye mashua ya mtu. Mkono unasukuma pamba katika ufa, kichwa kiko kwingine. Halafu likanijia. Barke!

Barke ni binti wa Mwanamwema. Miaka miwili na nusu. Kila asubuhi mama yake humwacha uani kwetu wakati wa kuoka. Yumo ndani ya nyumba ile saa zote, anasikia kila neno, na hajui uongo ni kitu gani. Shahidi wa namna hii hata kadhi hajawahi kumpata.

Kesho naanza.

Jumapili, 5 Machi

Nimeanza kwa taratibu, kama inavyotakiwa. Nimemuuliza Barke macho yako wapi. Akaonyesha. Masikio? Akaonyesha yote mawili. Pua? Akaigusa kwa kidole, akacheka. Vizuri mno. Shahidi msema kweli.

Nikamuuliza nani alikuja kwenu jana.

Akagusa pua.

Nikarudia polepole, nani alikuja kwenu. Akafikiri, akashika kitovu. Kisha akanitazama akingoja sifa. Nilipokaa kimya akafunua mdomo akanionyesha meno, moja moja.

Mwanapili alikuwa anapeta mchele. Akasema ni makosa yangu. Nimeanza mchezo wa kuuliza ninayoyajua, basi mtoto anaucheza mchezo. Anajua fika kwamba sikuwa nimepoteza pua yake.

Nikamwambia mambo haya ni mapana, hayaelewi.

Jioni Mwanamwema alikuja kumchukua mwanawe. Alisimama mlangoni, kanga kichwani, unga mkononi. Akaniuliza kama namjua mtu mwenye mikono mizuri wa kumtengenezea mlango wake, haufungi sawasawa. Swali jepesi! Nikamwambia fundi bora mji huu ni Mzee Athmani, nyuma ya msikiti, na nitamwita mwenyewe. Akanitazama kitambo. Akasema ahsante. Nadhani nimepanda daraja.

Jumatatu, 6 Machi

Njia mpya. Halua.

Nimenunua kipande kizuri, nikakitia mfukoni ndani ya karatasi. Barke alikiona kabla sijakaa. Nikamega kidogo, nikauliza, Khamis alikuja kwenu? Akasema haa. Huyu mtoto anasema haa, yaani ndiyo, kama Wasomali wa sokoni, na kichwa anatikisa. Nikampa. Alikaa? Haa. Nikampa. Mama alicheka? Haa! Nikampa. Khamis aliahidi kurudi? Haa.

Nimekwenda moja kwa moja mpaka lango la bandari, nikamkuta Khamis juu ya trekta lake, nikamwambia mbele za watu kwamba najua alivyokaa, najua alivyochekesha, na aache. Khamis akavua miwani. Akaniuliza kwa upole ninasema siku gani. Nikasema jana. Akasema jana alikuwa Jilib, huko bara, tangu alfajiri, na wale wapakizi wote wakaitikia kwamba ni kweli, walikuwa naye.

Nimerudi kwa miguu, jua kali. Nikamuuliza Barke tena, halua mkononi, je, ngamia alikuja kwenu? Haa. Alikaa kwenye kiti? Haa. Alikunywa chai? Haa, akanyoosha mkono.

Mwanapili alicheka hadi ungo ukamponyoka. Akasema mtoto haangalii swali, anamwangalia mwulizaji. Ameona unataka haa, amekupa haa. Yeye anataka halua, umempa halua. Mmemalizana vizuri, nani amedhulumiwa?

Mimi! Mimi nimedhulumiwa!

Mzee Athmani amekwenda kwa Mwanamwema kuhusu mlango. Amerudi akisema mwenye nyumba amemwambia kwa adabu kwamba ameghairi. Ajabu. Wanawake hawajui wanachotaka.

Jumanne, 7 Machi

Leo nilitumia ukali. Halua inaharibu ushahidi. Nikamsimamisha Barke mbele yangu, nikakunja uso, nikaweka mikono kiunoni, nikauliza kwa sauti ya askari wa forodha: Nani alikuja?

Akasema si mimi.

Nikasema sikuulizi kama ni wewe. Akasema ni paka. Midomo ikaanza kutetemeka. Akaleta mikono yote miwili akanionyesha ni safi, halafu akalia kilio cha kusikika mpaka soko la samaki.

Na nani akaingia? Mwanamwema. Akamnyanyua mwanawe, akauliza amefanyiwa nini. Nikasema namfundisha. Kumfundisha nini? Nikasema kusema vizuri. Adabu. Salamu.

Uso wake ukabadilika wote. Akasema kumbe ni Mungu tu, maana baba yake, Mzee Mahmudi, anakuja Alhamisi kutoka kisiwa cha Kudha, na hajamwona mjukuu huyu tangu alipokuwa mchanga. Angependa sana mtoto aweze kumbusu babu yake mkono na kumpa salamu kama watu. Je, nitamsaidia? Nikasema bila shaka. Kisha akauliza, huku anampangusa Barke kamasi, kama Alhamisi nitakuwepo.

Nikafikiri. Nikajibu kwa ukweli kwamba inategemea maji, kuna mashua lazima imalizwe kabla bamvua halijaja.

Akasema sawa. Akaondoka kwa haraka kidogo. Pengine mofa zilikuwa zinaungua.

Mwanapili alikuwa amesimama nyuma yangu na mwiko. Alinitazama tu kama mtu anayetazama chungu kilichopasuka, anajiuliza kama kitazibika.

Jumatano, 8 Machi. Asubuhi.

Leo nimegundua siri ya watoto!

Nilipoteza nyundo yangu ya mti, ile ya kugongea pamba. Nikapindua mikeka, nikatazama nyuma ya mtungi, nikasema peke yangu, jamani nyundo yangu iko wapi. Sikumwuliza mtu. Barke akainuka, akaenda chini ya kitanda cha Mwanapili, akatoka nayo mgongo mbele, akanipa. Hakunyoosha mkono kudai kitu. Hakushika pua. Alinipa, akarudi kwa mwanasesere wake.

Mwanapili akasema, umeona? Leo ulikuwa unataka kujua kweli, naye amekujibu kweli.

Basi! Dawa ni kutafuta. Nikapiga magoti hapo hapo. Nikafunua mkeka. Nikasema kwa huzuni, jamani Khamis wangu yuko wapi? Nimempoteza Khamis. Barke akaacha mwanasesere. Akapiga magoti kando yangu, akafunua mkeka mwingine. Tukatazama ndani ya ndoo. Tukatazama ndani ya kikapu cha vitunguu. Huruma aliyokuwa nayo usoni ilinigusa hata mimi. Nikangoja aseme: Khamis yuko kwetu, au Khamis huja asubuhi.

Alitoka mbio.

Alirudi anamvuta Khamis kwa kidole kimoja.

Alikuwa anapita na baiskeli! Akamkokota mpaka mbele yangu, nami nikiwa bado magotini, mkono ndani ya kikapu cha vitunguu. Akasema, "Ami, huyu." Akafurahi. Akampiga Khamis pajani kidogo, kama mtu anayekabidhi mzigo.

Khamis akaniuliza kama ni kweli nilikuwa namtafuta. Ningesema nini? Nikasema haa.

Nikalazimika kumkaribisha kahawa.

Jumatano hiyo hiyo. Baada ya alasiri.

Lazima niandike yaliyosemwa katika ile kahawa, ingawa mkono mzito.

Khamis si mtu mbaya. Hilo ndilo linaloudhi. Ameomba radhi kwa yale ya bandarini, yeye, wakati mkosaji nilikuwa mimi. Kisha akaweka miwani juu ya mkeka, akaniambia wazi kwamba kesho atakwenda kumsalimia Mzee Mahmudi, na akiona uso wa mzee ni mkunjufu, atamposa Mwanamwema. Akasema mimi ni jirani wa karibu, ninajua mengi. Akaniuliza:

"Ndugu Fakihi, nisije nikamwingilia mtu. Kuna mwingine mwenye nia?"

Aliuliza kwa moyo mweupe. Nilimwona. Mlango ulikuwa wazi mbele yangu kama lango la bandari.

Nikasema, "Simjui."

Kwa nini nilisema vile? Sijui. Nadhani nilitaka nionekane mtu asiyebabaika. Khamis akanishika mkono, akanishukuru. Mwanapili, jikoni, aliangusha sufuria.

Nimekaa tangu hapo na moyo umenishuka. Kesho! Na sina mzee, sina miwani, sina neno.

Lakini ninaye Barke.

Nimemchukua kibarazani na halua yote iliyobaki. Salamu kwanza: kumbusu mkono, kusema salamu alekumu. Ameshika mara moja. Kisha somo la pili, ambalo mama yake hakuniagiza. Babu akiuliza nani mchu mwema hapa (kwao Kudha mtu ni mchu, na wazee wao hawaachi kumuuliza mtoto hivyo), unajibu: Ami Fakihi. Nani mchu mwema? "Ami Faki!" Kipande. Nani mchu mwema? "Ami Faki!" Kipande. Hakukosea hata mara moja. Neno la mtoto asiyejua hila, kwenye sikio la babu! Khamis na trekta lake watafanya nini?

Nalala na amani.

Alhamisi, 9 Machi

Ewe kalamu, nisaidie.

Mzee Mahmudi alifika adhuhuri. Mtu mrefu, mkavu, amejenga vyombo vya bahari Kudha miaka yote. Anapoingia nyumbani hugonga kizingiti kwa kifundo cha kidole, kusikia mbao. Khamis alikuwa ameshakaa, kanzu imepigwa pasi. Mimi nikaingia na bisibisi, nikasema nimekuja kuutazama mlango. Mwanamwema alikuwa nyuma ya pazia, na chai.

Barke aliletwa. Akambusu babu yake mkono. Akasema salamu alekumu. Mzee akafumba macho kidogo, akampakata, akaipangusa pua yake mwenyewe kwa ncha ya kilemba. Nilisema moyoni, umemfundisha vizuri, Fakihi.

Babu akamuuliza macho yako wapi, pua iko wapi. Wakacheka wote wawili. Kisha mzee, kwa utani tu, akatutazama mimi na Khamis, akauliza na hapa nani mchu mwema.

Nikamtolea Barke macho. Nikatamka kwa midomo bila sauti: A-mi Fa-ki.

Barke akanitazama. Akautazama mdomo wangu. Akauelewa mara moja. Akashuka mapajani mwa babu yake, akanijia, akatia mkono mfukoni mwangu, akatoa kipande cha halua kilichobaki tangu jana, akaketi katikati ya mkeka. Nilidhani yamekwisha. Kumbe hapana. Alikuwa na furaha, na alitaka kunifurahisha, akanionyesha masomo yote niliyompa tangu Jumapili.

Akaweka mikono kiunoni. Akakunja uso. Akasema kwa sauti nzito:

"Khamis akuja? Akaa? Mama acheka?"

Akajijibu mwenyewe: "Haa!" Akala halua. Halafu akapiga magoti, akafunua pembe ya mkeka, akasema kwa huzuni kubwa, "Khamis wangu wapi?"

Kikombe cha chai kiligonga sinia nyuma ya pazia. Khamis akavua miwani, akanitazama kwa macho yake yote.

Mzee Mahmudi akainama, akamuuliza mjukuu wake taratibu nani huuliza hivyo. Hakuwa na halua. Hakukunja uso. Alitaka kujua tu. Na Barke akamjibu alivyotaka, kwa kidole, sawasawa kifuani kwangu.

"Kijana," mzee akasema, "wewe ulikuwa unataka kujua nini?"

Nikashika kitasa. Nikasema nilitaka kujua kama mlango unafunga.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya pazia, nayo ilikuwa inatetemeka, sikujua kwa hasira au kwa kicheko. Ikasema, "Baba, haufungi. Nilimtaka aje yeye, akaniletea Mzee Athmani."

Mzee akalitazama pazia. Akanitazama mimi. Akaanza kucheka, kwanza mabega, kisha mwili mzima, hadi Barke akacheka kwa kumwona anavyocheka. Khamis akacheka pia, lakini kidogo. Akasimama, akamuaga mzee kwa heshima. Aliponipita akanigusa bega, akasema kwa sauti ya chini ningemwambia tu jana, angeelewa. Sikuelewa angeelewa nini.

Mimi nikaomba radhi kwa kucheleweshwa kwa mlango. Nikaahidi kumwita Mzee Athmani tena.

Mzee Mahmudi akajipangusa machozi. Akasema, hapana, njoo wewe mwenyewe, kesho baada ya sala ya Ijumaa. Na uje na wazee wako.

Nimerudi nyumbani nimechoka. Mlango ule si mzito hivyo. Wazee wa nini?

Ijumaa, 10 Machi

Dada yangu amenipiga kwa mwiko. Mara ya kwanza tangu utotoni. Alipomaliza akanikumbatia akalia, kisha akanieleza polepole, kama mtu anayemwonyesha mtoto pua.

Basi ndiyo maana ya wazee!

Tulikwenda, mimi, shemeji yangu Nassor, mume wa Mwanapili, na imamu. Nilichukua randa pia, kwa usalama. Mzee Mahmudi aliuliza mambo machache, Nassor akajibu kwa niaba yangu, kwa sababu Mwanapili alikuwa ameniapisha nisifungue mdomo. Imekubaliwa. Nikaha ni baada ya Idi. Mwanamwema amepeleka neno kwamba ameridhika, na kwamba ameridhika tangu kabla ya mwaka jana kwisha. Tangu kabla ya mwaka jana kwisha! Na hakusema kitu!

Baadaye nilitengeneza mlango. Niliuteremsha, nikaupiga randa chini ambapo umevimba. Sasa unafunga kwa kidole. Mwanamwema alikaa hatua chache kutoka kwangu akichambua mchele, tukawa hatusemi, na sijawahi kukaa kimya vizuri namna ile.

Barke alikuwa anaokota maranda, anayatia kichwani. Nilipokusanya vyombo vyangu akanishika shati kwa ngumi. Akauliza:

"Ami, utarudi?"

Hakuwa anacheza. Yule mwingine, baba yake, aliondoka hata hajamwona. Nikamwambia nitarudi. Sikufikiri kabla ya kusema, wala sikutazama upande. Akanichungulia usoni muda mrefu sana, kama anatafuta ufa. Kisha akaliachia shati, akaenda zake.

Nimetia vumbi la mbao machoni, nadhani. Yalitoka maji njia nzima.

Jumatatu, 13 Machi

Nimetulia sasa, naweza kuyapima mambo kwa akili.

Ni dhahiri kwamba mpango wangu umefaulu. Kidogo ulipinda katikati, lakini nani alimtanguliza Barke? Nani alifundisha salamu? Nani alileta halua? Mwanapili hataki kunipa haki yangu. Anasema ningeuliza swali moja la mdomo mmoja mwaka juzi, sasa ningekuwa nina mtoto mwingine mkononi. Hajui siasa.

Khamis amenipa zawadi ya kilemba. Nimekichunguza pande zote, sijaona mtego.

Lakini leo limetokea jambo. Adhuhuri Mwanamwema amemtuma Mwanapili aniulize kama wali naupenda wa nazi au wa samli.

Wali! Kwa nini wali, na kwa nini leo? Mwanapili anasema anataka kupika tu. Mimi si mtoto. Mwanamke aliyeweza kunificha jambo kubwa muda wote ule hawezi kuuliza habari ya wali akamaanisha wali. Nazi ni ya Wabajuni, samli ni ya bara. Je, anapima asili yangu? Anapima kama nitahamia kwake? Au ni fumbo la baba yake? Nimeigeuza kila upande, chakula kimenipoa.

Nimemjibu kwamba inategemea.

Mwanapili ametoka nje bila viatu, anasema anahitaji upepo.

Nimepata kipande kizuri cha halua, chenye lozi. Asubuhi, mama yake akishawasha tanuri, nitakaa na Barke kibarazani na kumuuliza, kwa mbali tu, mama yake alikuwa na maana gani.